Hewa ya Paa la Baba

Nyumbani, 4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Huku tupo, tunasukuma siku. Wapwa zako hawajambo. Yule wa pili ameng'oka meno ya mbele na sasa kila neno linatoka na mluzi. Shemeji yako yuko na malori yake, akirudi analala, akiamka anaondoka, kwa hiyo ndoa yetu inaendelea vizuri. Wifi msalimie sana. Mzee anauliza wajukuu wake wamefika darasa la ngapi, maana katika picha uliyomletea bado wananyonya.

Utasema, huyu naye, barua za nini wakati simu ipo. Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka. Ukipokea uko kikaoni, na usipopokea ndiyo basi. Na Mzee mwenyewe simu ameikataa. Anasema maneno ya simu yakishasemwa yamekwenda, ila barua anaweza kuniambia niisome tena kesho. Macho yake yamejaa ukungu, mwandiko haoni, kwa hiyo macho ni mimi. Ukiandika, jua naisoma kwa sauti mbele yake, yeye ameketi kwenye kiti chake cha kukunja amenyamaza kama yuko ibadani.

Sasa jambo lenyewe. Mzee anakohoa, na si kikohozi cha kupita. Kiwanda cha saruji kimeongeza tanuri la pili, na karibu kila jioni wanapuliza. Wakipuliza, vumbi linashuka jeupe mpaka kwenye vikombe. Nguo ninazowashonea wateja nazifunika kwa nailoni, na suti ya harusi nimeikataa wiki iliyopita kwa sababu ingetoka hapa na rangi ya majivu. Daktari wa zahanati amemsikiliza kifua, akaniita pembeni, akasema mzee huyu atoke kwenye vumbi hili, na atoke mapema. Mama mdogo ametenga chumba kule kwake milimani. Amekipaka hadi rangi.

Mzee hataki. Na hataki kwa sababu yako. Anasema mwanangu ndiye anayepima hewa ya dunia, na mashine yake ameiweka juu ya kichwa changu, juu ya paa langu. Hewa ingekuwa mbaya angeniambia yeye. Mimi, daktari na mama mdogo tukisema, anatusikiliza kama watu wa redio.

Kwa hiyo sikuombi hela wala nini. Nakuomba mstari mmoja: Baba, hewa ya hapo ni mbaya, ondoka. Uandike wewe, nimsomee.

Mdogo wako,
Fundi


Ofisini, 11 Machi

Mdogo wangu Fundi,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa, huu ni msimu wa kufunga hesabu za mwaka na hapa hatulali. Wifi yako anakusalimu. Watoto wako darasa la nne na la sita, mwambie Mzee, na mkubwa amemzidi mama yake urefu.

Barua yako nimeisoma kwa makini. Ngoja nikueleze, maana naona kazi yangu mnaisikia tu juu juu. Ofisi yetu inaitazama dunia nzima kama mgonjwa mmoja. Tunapima hewa yake, maji, udongo, misitu, bahari, ndege na wadudu, kila kimoja tunakipa uzito wake, tunavichanganya, na mwisho tunapata alama moja juu ya mia. Mwaka jana dunia ilipata hamsini na mbili. Alama hiyo ikitoka, serikali zinaisoma, mabenki yanaisoma, viwanda vinapewa vibali au vinanyimwa kwa ajili yake. Si mchezo.

Sasa katika ukanda wetu wote huko, mashine za hewa nyingi zimekufa. Zinaziba kwa vumbi, panya wanakula waya, nyingine watu wamezigeuza kigingi cha kuanikia nguo. Ya kwenu haijawahi kuziba hata mara moja. Wenzangu hapa wananiuliza siri ni nini, nawaambia siri ni baba yangu. Na mashine hiyo inasema hewa ya hapo imekuwa ikipata nafuu mwaka baada ya mwaka. Sisemi mimi, inasema yenyewe.

Kikohozi kinaweza kuletwa na mengi. Mzee amevuta sigara miaka mingapi? Wewe unapikia nini, si mkaa, na mlango umeufunga? Siwezi kukaa ofisini nikatangaza kwamba hewa ya hapo inapona, halafu nimwandikie baba yangu aikimbie. Nielewe.

Hapa msomee kwa sauti: Baba, asante. Kati ya watunzaji wote wa mashine zetu, wewe ndiye wa kwanza. Endelea hivyo hivyo.

Kaka yako


Nyumbani, 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Wapwa zako wazima, shemeji yako mzima, mimi mzima kadiri ya kupumua. Napikia gesi, kwa taarifa yako, tangu mwaka juzi. Na sigara Mzee aliziacha siku tuliyomzika mama, ulikuwepo, ulishika kiberiti chake ukakitupa mwenyewe. Umesahau.

Nimemsomea kile kipande ulichosema nimsomee. Sijui kama ulifikiria kitamfanya nini. Aliniambia nirudie, akavua kofia akaishika magotini. Tangu siku hiyo anapanda juu ya paa asubuhi na jioni, na kila ngazi anapumzika kwanza. Anaiita mashine yako mjukuu. Anasema, ngoja nikamwone mjukuu. Simlaumu, wale wako hajaletewa.

Nikuulize kidogo, maana mimi sikusoma sana. Dunia imepata hamsini na mbili. Amefaulu au amefeli? Akifeli anarudia darasa, au anafukuzwa shule aende wapi? Na katika vile vyote mnavyopima, nilihesabu hewa, maji, misitu, ndege, hadi wadudu. Sikuona mnapopima mtu. Mende wa jikoni kwangu yumo katika afya ya dunia, baba yetu hayumo.

Mimi pia kazi yangu ni kupima. Mteja akisimama mbele ya kioo anavuta tumbo ndani, anabana pumzi, mimi naandika. Siku ya kuvaa anapumua na kifungo kinaruka. Siku hizi namwangalia mtu mwenyewe kwanza, ndipo nashika tepu. Wewe ni lini ulitutazama?

Kiwanda kimesimamisha bango kubwa getini, limeandikwa HEWA SAFI, na kuna picha ya mtoto anacheka. Bango lenyewe linafutwa vumbi kila Jumatatu na mtu amejifunga kitambaa mdomoni. Watu wanasema vipimo vya ofisi ya mtoto wa mzee fulani ndivyo vilivyowapa kibali cha tanuri la pili. Sokoni nasalimiwa vizuri mbele, nikigeuka wanasema.

Ule mstari bado nausubiri.

Fundi


Ofisini, 20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Haya ni maneno machache, niko mbioni. Wote huku wazima.

Ripoti imezinduliwa. Dunia imepata hamsini na tatu, imepanda alama moja, na hapa watu walikumbatiana kama wamepata mtoto. Na mji wetu, Fundi, uko kwenye jalada. Paa letu lenyewe, na tangi la maji linaonekana kwa nyuma. Wameuita mji ulioponya hewa yake. Nimepandishwa cheo, sasa naongoza kitengo kizima cha hewa. Mwambie Mzee, na mwambie cheti chake cha mtunzaji bora kimo ndani ya bahasha hii.

Mwezi wa nane kutakuja wageni kutoka ofisi kuu kuiona mashine na kumwona Mzee. Naomba mpake chokaa ukuta wa mbele na ngazi iwe imara.

Uliuliza kuhusu watu. Watu wanapimwa na idara nyingine. Sisi tunapima mazingira.

Kuhusu lile jambo, nakuomba tuwe na subira.

Kaka yako


Nyumbani, 9 Juni

Kaka,

Shikamoo. Karatasi ya kwanza nimeandika salamu na habari za nyumbani, nimemsomea Mzee kabla ya kuifunga, akaridhika. Hii ya pili hajui kama ipo.

Wiki iliyopita alilala kitandani na homa. Jioni nilikuwa namkanda mgongo, king'ora cha kiwanda kikalia kile cha kabla ya kupuliza. Akashtuka akataka kuinuka, magoti yakakataa. Akanishika mkono.

"Wameanza. Panda haraka ukamfunike mjukuu."

Nikamuuliza nimfunike na nini.

"Ndoo iko pale pale, ile ya bluu. Weka na jiwe juu, upepo usiiangushe."

Nilidhani ni homa inasema. Nikamuuliza taratibu, akanieleza kama mtu anayeeleza namna ya kufunga mlango. Yule mtu wa ofisi yenu aliyekuja kuifunga mashine alimwambia neno moja tu, kwamba kitu hiki ni ghali na hakitaki uchafu. Basi. Tangu mwaka ule wa kwanza, kiwanda kikipuliza, baba yako anapanda anaivika ndoo. Vumbi likitulia asubuhi anaivua, anaipangusa. Wakipuliza mara moja kwa wiki, anaifunika mara moja. Wakipuliza kila siku, anaifunika kila siku. Ndiyo maana haizibi, Kaka. Na ndiyo maana hewa yenu inapona. Kiwanda kinavyozidi, ndivyo mashine inavyokaa zaidi chini ya ndoo, ikisikiliza hewa ya ndani ya plastiki.

Akaniambia, kaka yako amenikabidhi, ikiziba si ataonekana ana baba mzembe?

Sikuweza kumwambia. Nilijaribu kufungua mdomo, nikaona ile sura yake. Nikapanda nikaifunika. Ningefanya nini, alikuwa anasikiliza nyayo zangu darini. Niliposhuka nilikuwa mweupe kichwani na kwenye kope, na yeye anakohoa dirisha likiwa wazi kwa sababu alitaka kusikia kama ndoo imekaa. Mashine ilikuwa chini ya ndoo. Mimi na Baba tulikuwa nje.

Nililia siku ile, nakwambia ukweli, na si kwa sababu ya vumbi.

Sasa umejua. Wewe ndiye mkubwa wa hewa. Waambie wenzako wafute namba zile, na mwandikie Baba ule mstari. Siku hizi akipanda ngazi ya nyumba tu, midomo inageuka rangi.

Fundi


Ofisini, 28 Julai

Mdogo wangu,

Karatasi hii usimsomee. Marahaba, na poleni kwa homa.

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu, utaona kwa tarehe. Una hakika ni kila mara? Usije ukawa umeona siku moja ukajenga nyumba juu yake. Kama ni kweli, ni jambo zito, na lazima lishughulikiwe kwa utaratibu.

Tafadhali nifikirie na mimi. Ripoti imechapwa, imesambazwa dunia nzima, jina langu liko ukurasa wa kwanza. Nikisimama leo nikasema mashine ilikuwa chini ya ndoo, wataniuliza tangu lini, na jibu ni tangu siku ya kwanza. Wataniuliza nani aliifunika, na jibu ni baba yangu. Unataka Mzee aandikwe magazetini? Na ile alama moja tuliyopanda, sitaki kukueleza ni kiasi gani ilibebwa na ukanda wetu.

Nimefikiria njia. Mwambie aifunue kidogo kidogo. Wiki hii achelewe kuifunika kwa saa moja, wiki zijazo mbili, hivyo hivyo. Namba za vumbi zikiruka ghafla, kompyuta hapa itazikataa. Zikipanda taratibu zitaonekana ni hali ya hewa imebadilika, na mwakani naweza kulieleza bila mtu kuumia.

Kuhusu kuondoka, wacha kwanza wageni wapite. Wamefunga safari kumwona yeye. Akikosekana itaonekana vibaya.

Hata mimi jambo hili linaniuma, usifikiri vingine.

Kaka yako


Nyumbani, 15 Agosti

Kaka,

Shikamoo nakupa kwa sababu nililelewa, si kwa sababu nimetulia.

Bila mtu kuumia. Nimeyasoma maneno yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Baba aifunue mashine kidogo kidogo. Mzee ambaye hapandi ngazi bila kushika ukuta awe anasubiri saa moja juu ya paa, ndani ya vumbi, ili namba zako zipande kwa adabu. Haya.

Hukuandika mstari, nikauandika mimi. Sikiliza nilivyofanya.

Nilimwambia Mzee barua yako imefika. Akakaa kwenye kiti chake. Nikaishika hiyo hiyo karatasi uliyosema nisimsomee, nikamsomea ambacho hakimo. Nikasema: "Baba, nimepima tena mwenyewe. Hewa ya hapo nyumbani ni mbaya, inakuumiza. Ondoka, nenda kwa mama mdogo. Mashine iache kama ilivyo."

Halafu akanyoosha mkono.

"Niwekee kidole hapo aliposema."

Nikakichukua kidole chake nikakiweka kwenye karatasi. Unajua nilikiweka wapi? Pale ulipoandika kidogo kidogo. Akapapasa mstari ule kwenda na kurudi. Akasema huu ni mwandiko wake, tangu mdogo alikuwa anakandamiza kalamu. Akasema, nilijua ikifika hapo ataniambia tu. Akacheka, Kaka. Tangu mama afe sijamwona anacheka vile.

Asubuhi yake shemeji yako alimbeba kwenye lori, mbele, na blanketi. Sasa yuko milimani. Mama mdogo anasema amelala vizuri na kifua kinavuma kidogo tu. Wageni wako walikuja wakanikuta mimi na ukuta usiopakwa chokaa. Waliipiga picha mashine, wakanywa soda, wakaenda. Ndoo nimeishusha, naogeshea watoto.

Kumebaki jambo moja na hili huwezi kulikwepa. Mzee anaitaka barua ile akae nayo. Mama mdogo anajua kusoma na jioni atamwomba amsomee. Nimewaambia nimeisahau nyumbani, nitaituma. Kwa hiyo iandike. Maneno nimeshakuandikia hapo juu, wewe nakili tu kwa mwandiko wako. Nimeyahesabu, hayajai hata nusu ukurasa. Yeye ameshayashika kichwani, anamwambia kila anayeingia.

Sikuombi kitu kingine maisha yangu yote.

Fundi


Ofisini, 3 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Ulichofanya si sawa lakini nimekielewa, na nashukuru Mzee anapumua. Barua yake nimeiandika na nimeituma moja kwa moja kwa mama mdogo, ili isipitie kwako ukaiongezea chumvi. Nakala yake hii hapa, uone kwamba nimetimiza. Nimeipanga maneno kwa namna itakayomfurahisha bila kuleta matatizo, kwa sababu karatasi yenye sahihi yangu ni karatasi yenye sahihi yangu, inaweza kufika popote.

Tangu Mzee aondoke, namba za paa letu zimeruka sana. Kompyuta imezikataa, tumeandika kwamba mashine imeharibika. Kwa mwaka huu tutatumia wastani wa miaka iliyopita.

Kaka yako

*Baba yangu mpendwa,*

*Shikamoo. Nimefurahi sana kusikia umefika milimani salama. Huko kuna baridi, tafadhali vaa sweta na usikae nje jioni. Nimeona ni vizuri ubadilishe mazingira kwa muda, upumzike, kwa kuwa umefanya kazi kubwa ya kututunzia mashine na kila mtu hapa ofisini anakushukuru. Usiwe na wasiwasi nayo. Mwaka huu dunia imepanda alama moja na mchango wako umo. Wajukuu wanakusalimu, na tukijaliwa likizo tutakuja wote.*

*Mwanao*


Nyumbani, 30 Septemba

Kaka,

Wapwa zako wazima. Wifi msalimie.

Barua yako ilifika milimani kabla nakala yako haijafika kwangu. Ningeiona mapema ningepanda lori usiku huo huo nikaichana.

Mama mdogo amenisimulia. Mzee alivaa shati safi kuisikiliza. Aliposomewa mpaka mwisho akasema, umeruka. Mama mdogo akasema hajaruka. Akamwomba arudie polepole, akarudia. Akauliza, hapo aliposema hewa ya nyumbani ni mbaya ni wapi? Mama mdogo, maskini, hakujua lolote, akamwambia hakuna maneno hayo, shemeji, ameandika upumzike tu. Akamwomba amwekee kidole kwenye kila mstari, mmoja baada ya mwingine. Akaipapasa yote.

Nilipofika alikuwa ameshakunja blanketi lake, mfuko uko mlangoni. Nilimwapia kwamba barua ya kwanza ilisema. Akaniambia ya kwanza uliisoma wewe uliyetaka niondoke, hii imesomwa na mtu asiye na shida na mimi. Hakuwa na hasira. Alinipapasa kichwa, akasema anajua nilitaka wema.

Nilikuwa na njia moja tu ya kumzuia, kumwambia habari ya ndoo. Nimwambie, Baba, umeificha hewa mwenyewe kwa mkono wako, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya mwanao, na mwanao amejua na amenyamaza. Nilifika mpaka kwenye neno la kwanza. Sikuweza, Kaka, na wala sitaweza. Wewe ungeweza kwa sentensi moja ya uongo uliokuwa kweli. Mimi ningehitaji kumuua kwanza.

Amerudi. Yuko kwenye kiti chake, dirisha ameniambia nisilifunge. Jana hakumaliza uji kwa kukohoa, na daktari amekuja, amesimama mlangoni, hakusema kitu kipya. Wakipuliza ananiuliza kama nimekwenda juu, nami napanda nasimama tu pale mpaka muda unaotosha upite, kisha nashuka.

Leo asubuhi nilipiga magoti mbele yake nikamwomba kwa mara ya mwisho turudi milimani, nikamwambia hewa hii ni mbaya, Baba, tuachane na mashine, sikiliza kifua chako mwenyewe. Akasubiri kikohozi kipite.

"Mwanangu anaipima dunia nzima," akasema. "Kama hewa ya hapa ingekuwa mbaya, na yeye anajua, si angeniandikia?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Baba. Angekuandikia."